Mwanamke Huandikwa Pale Mali Inapohama

Wazee wangu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari,

Ninashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwatafuta wanawake katika nyaraka za kale za Marekani, na ninaelewa kwa nini mmelitaka jambo hili. Wengi wetu tuliohamia huku tumeoa au kuolewa katika familia za hapa, na watoto wetu wana bibi wawili: mmoja wa Tanga au Lamu, ambaye nasaba yake tunaiuliza kwa simu jioni moja na kuipata, na mwingine wa Virginia au Massachusetts, ambaye wazazi wa wazazi wake wamebaki kwenye karatasi tu. Upande wa wanaume kazi huenda, kwa sababu jina la ukoo hupokezanwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana na karani aliyafuata majina hayo kwa uaminifu. Upande wa wanawake, ukifika kizazi cha nne au cha tano, unakutana na maneno mawili ambayo yamewakatisha tamaa watafiti wengi: "na mkewe".

Nianze na orodha moja ambayo huenda mmeisikia. William Bradford, aliyekuwa kwa miaka mingi gavana wa koloni la Waingereza la Plymouth, katika Massachusetts ya leo, aliandika majina ya watu waliovuka bahari kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Aliiandika takriban miaka 30 baada ya safari, lakini watu wale aliwajua kwa sura na sauti; alisafiri nao, akala nao, akawazika karibu nusu yao katika baridi ya kwanza. Hata hivyo, ukisoma orodha yake utamkuta Thomas Tinker na mkewe na mtoto wa kiume. Utamkuta James Chilton na mkewe na binti yao Mary. Utamkuta William Mullins na mkewe na watoto wawili, Joseph na Priscilla. Watumishi wengi na watoto wengi wametajwa majina. Wanawake hawa watatu hawakutajwa, na sidhani Bradford alikuwa na nia mbaya nao. Kwake yeye, kumtaja mume kulitosha kumtaja mke.

Sasa tumtazame mke wa Mullins kwa karibu. Mumewe alikuwa mtu wa Dorking, Surrey, mfanyabiashara wa viatu, na alipoona kifo kinamkaribia katika baridi ile alitamka wosia, ukaandikwa. Wosia huo upo hadi leo. Ndani yake kuna dazeni 21 za viatu na jozi 13 za buti, ambazo alitaka kampuni iliyogharimia safari izichukue kwa pauni 40. Halafu anagawa bidhaa alizo nazo "Virginia", kama walivyoiita nchi waliyoiendea: nusu, anasema, apewe mke wangu Alice, na nusu nyingine wagawane sawa Joseph na Priscilla. Alice. Gavana aliyeishi naye meli moja hakuliandika jina hilo, lakini marehemu mwenye viatu vya kugawa alilazimika kulitamka, maana nusu ya mali haiwezi kwenda kwa "mkewe" tu bila watu kujua ni nani huyo.

Wosia huo huo unamwachia shilingi kumi binti mkubwa aliyebaki Uingereza, na hapo jina linakosekana tena. Ni "binti yangu mkubwa", basi. Lakini mirathi ilipofikishwa mahakamani Uingereza mwezi Julai 1621, aliyekabidhiwa usimamizi wake ni binti huyo, na karani akamwandika Sarah Blunden, alias Mullins. Neno hilo "alias", ambalo siku hizi tunalisikia zaidi katika habari za majambazi, ni rafiki mkubwa wa mtafutaji wa nasaba: jina la mume upande mmoja, jina la baba upande wa pili, na mwanamke amesimama katikati anaonekana mzima.

Mfano huo ndio hoja yangu yote. Mwanamke wa Marekani ya kale amekaa kwenye nyaraka chini ya jina la mtu mwingine, na sheria ilimlazimisha karani kumfunua kila mara mali ilipohama mikono: baba alipokufa, mume alipouza shamba, mume alipofariki, na yeye mwenyewe alipokufa akiwa mjane. Mkimtafuta katika siku zake za kawaida mtachoka. Mtafuteni pale penye mali inayohama.

Msingi wa hali hiyo ulikuwa sheria ya Uingereza, ambayo makoloni yaliirithi. William Blackstone, mwanasheria aliyeifafanua katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake, ya mwaka 1765, alieleza kwamba kwa ndoa mume na mke huwa mtu mmoja kisheria, na nafsi ya kisheria ya mke hufunikwa na ya mume muda wote wa ndoa. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kushtaki kwa jina lake, wala kufunga mkataba, wala kuandika wosia bila ridhaa ya mumewe. Fedha zake na vyombo vyake vikawa vya mume tangu siku ya harusi. Mwanamwali mtu mzima aliyekuwa hajaolewa na mjane, hao walikuwa watu kamili mbele ya sheria. Sisi tuliokulia pwani ambako Mwanakombo binti Juma hubaki binti Juma hata akiolewa mara tatu, tunapata taabu kuizoea hali hii, na ndiyo sababu ya makosa yetu mengi ya mwanzo.

Kulikuwa na tundu moja katika ukuta huo, nalo ni haki ya mjane. Walio Waislamu hapa wanaijua thumuni ya mjane mwenye watoto. Huku ilikuwa thuluthi ya ardhi ya mume, lakini ilikuwa thuluthi ya kutumia maisha yake tu; hakuweza kuiuza, na akifa ilirudi kwa warithi wa mume. Jambo linalotuhusu ni kwamba haki hiyo iliifuata ardhi yenyewe. Mume akiuza shamba bila mkewe kuachilia haki yake, mnunuzi angeweza kushtukia miaka 20 baadaye mjane yuko mlangoni anadai thuluthi. Kwa hiyo wanunuzi walitaka mke ataje jina lake na akubali, na katika makoloni mengi, Virginia na Maryland yakiwemo, hakimu alimchukua mwanamke huyo kando, mbali na mumewe, akamuuliza kama anaachilia kwa hiari yake, bila kutishwa. Hebu mwoneni: chumba cha pili, mlango umefungwa, mume anangoja nje, na kwa dakika chache sheria inamtambua kuwa ana kauli yake mwenyewe. Kama alilazimishwa nyumbani usiku uliotangulia, karatasi haisemi. Lakini jina lake linaandikwa, na tarehe, na kaunti.

Nami niliufahamu umuhimu wa hati hizo baada ya kuaibika. Nilikuwa ninafuatilia ukoo wa mama mkwe wangu, nikapata wosia wa mkulima mmoja wa Virginia wa miaka ya 1780, unaomtaja mkewe kwa jina na watoto sita. Nikamwandika mwanamke huyo kuwa mama wa wote sita, nikatangaza ugunduzi wangu mezani siku ya sikukuu, na mama mkwe, kwa furaha, akaliandika jina lile kwa wino kwenye kurasa za mbele za Biblia yake. Baada ya miezi minane, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakuta hati ya kuuza ekari chache ambayo mkulima yule yule alikuwa ameitia saini miaka kumi kabla ya wosia, na mke aliyeachilia thuluthi yake hapo alikuwa mwingine. Watoto wanne wa kwanza walikuwa wa marehemu mke huyo wa kwanza, na ukoo wa mama mkwe unatoka kwa mmoja wao. Wosia haukudanganya, ulisema "mke wangu" na "watoto wangu", nami nikaongeza "watoto wao". Biblia ile ina mstari wa kalamu hadi leo, na kila sikukuu ninaonyeshwa.

Maneno ya ukoo nayo yanahitaji tahadhari, kwa sababu Kiingereza cha karne ya 17 kiliyatumia kwa ulegevu. Neno la mama mkwe liliweza kuwa na maana ya mama wa kambo, na neno la mkwe wa kiume likawa na maana ya mtoto wa kambo. Lakini ulegevu huo huo umewahi kufungua mlango. Susanna, mke wa William White, alijifungua mtoto Peregrine ndani ya Mayflower ikiwa imetia nanga Cape Cod, akafiwa na mume katika baridi ile, na mwezi Mei 1621 akaolewa na Edward Winslow aliyekuwa amefiwa na mke. Ndiyo ndoa ya kwanza ya koloni la Plymouth. Kwa muda mrefu vitabu vilimpa jina la ukoo la Fuller. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba alikuwa binti wa Richard Jackson wa Scrooby, na mojawapo ya nyuzi zilizofuatwa ni barua ya Winslow ya mwaka 1623 aliyomwandikia Robert Jackson, akimwita "uncle", lile neno la Kiingereza ambalo halitenganishi upande wa baba na upande wa mama, huku akimpa habari za mkewe. Mswahili angeuliza papo hapo: huyu ni mjomba au ni ami, na ni wa nani? Swali hilo liulizeni kila mara. Lugha yenu imewapa jicho ambalo Mwingereza hana, basi litumieni.

Waholanzi wa New York, ambayo kabla ya mwaka 1664 ilikuwa New Netherland, hawatutesi hivyo. Katika rejista zao za ubatizo mama huandikwa kwa jina lake mwenyewe na la baba yake, na ukiona mwanamke anaitwa Jans ujue ni mkato wa Jansdochter, yaani binti Jan. Sina haja ya kuwaeleza zaidi. Waingereza walipotawala, desturi hiyo ilififia kizazi baada ya kizazi.

Sensa nitazipitia upesi, ingawa najua ndiko wengi mnakoanzia kwa kuwa zinapatikana kwa urahisi. Ya kwanza, ya mwaka 1790, iliwataja wakuu wa kaya tu, na wanawake weupe wote, bibi wa miaka 80 na kichanga cha juzi, wakahesabiwa katika safu moja. Majina ya watu huru wote yalianza kuandikwa mwaka 1850. Uhusiano na mkuu wa kaya mwaka 1880. Ya mwaka 1900 iliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, na tofauti ya tarakimu hizo mbili imewaliza watu wengi maktabani. Kabla ya 1850, sensa hukupa idadi. Jina utalipata kwingine.

Kwingine ni wapi? Wakati mwingine ni kwa mkunga. Martha Ballard wa Hallowell, Maine, aliandika kumbukumbu za kila siku kuanzia mwaka 1785 hadi alipofariki mwaka 1812, na humo mna habari za uzazi 816. Sheria ya Massachusetts, ambayo wakati huo ilitawala Maine, ilimtarajia mkunga amuulize mwanamke asiye na mume, uchungu ukiwa umepamba moto, baba wa mtoto ni nani, kwa imani kwamba katika saa hiyo hakuna asemaye uongo. Mwezi Oktoba 1791 Martha alimzalisha Sally Pierce, akauliza swali lake la kazi, na Sally akamtaja Jonathan Ballard, mtoto wa kiume wa mkunga mwenyewe. Martha akaandika. Hakulificha wala kulipamba. Mwaka uliofuata vijana wale wakaoana. Mnaona kwamba hata hapa kuna mali ndani yake, kwani mji haukutaka kumlisha mtoto ambaye baba yake angeweza kulipa.

Wajane wa vita vya uhuru nao walilazimishwa na fedha kujieleza. Sheria za mwaka 1836 na 1838 ziliwafungulia pensheni wajane wa askari, kwa sharti la kuthibitisha ndoa na tarehe yake, na wengi wao hawakuwa na cheti. Baadhi wakachana kurasa za Biblia ya familia zenye majina ya watoto na siku za kuzaliwa, wakazituma Washington. Kurasa hizo zimebaki katika mafaili ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ukiwa na babu aliyepigana katika vita hivyo, usiishie kwenye utumishi wake. Uliza kama mjane wake aliomba pensheni, kwa sababu faili la mjane mara nyingi lina maneno mengi kuliko la mume.

Sasa ninafika mahali pachungu. Nimesema mwanamke huandikwa mali inapohama. Kuna waliokuwa wao wenyewe wamefanywa mali.

Katika orodha ya wakazi wa Virginia ya mwaka 1625, nyumbani kwa Kapteni William Pierce, ameandikwa mwanamke mweusi, Angelo, aliyefika kwa meli iitwayo Treasurer. Watafiti wengi humwita Angela. Ni mmoja wa wanawake wa kwanza wa Afrika tunaowajua kwa jina katika makoloni ya Waingereza ya bara la Amerika. Jina la ubatizo, jina la meli, jina la mwenye nyumba: hayo tu ndiyo aliyoachiwa.

Miaka 30 baadaye, katika kaunti ya Northumberland, Elizabeth Key alikwenda mahakamani kudai kwamba yeye ni mtu huru kwa sababu baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza huru. Shahidi mmoja, mwanamke wa miaka 80, akaeleza kwamba ilikuwa habari ya kila mtu kwamba Key alitozwa faini kwa kumtia mimba mwanamke wake mweusi. Elizabeth alishinda mwaka 1656. Katika ushahidi huo mama yake ni "mwanamke mweusi" tu. Jina la mtu aliyembeba tumboni halikuonekana kuwa na maana kwa kesi. Mwezi Desemba 1662 bunge la Virginia likaliziba tundu alilopitia Elizabeth: tangu hapo mtoto angefuata hali ya mama, awe mtumwa au huru.

Tazameni sheria hiyo ilivyogeuza karatasi. Kwa mwanamke mweupe, ukoo ulifuata baba na mama akasahauliwa. Kwa mtumwa, baba hakuandikwa, na mama akawa ndiye uthibitisho wa umiliki. Ndiyo maana katika orodha ya mali ya marehemu, baada ya ng'ombe na masufuria, mtakuta jina la mwanamke, na jina la mtoto wake, na bei. Ndiyo maana pia familia nyingi za Wamarekani weusi, zikiweza kuvuka nyuma ya mwaka 1870, mwaka wa sensa ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa, huvuka kwa mstari wa mama. Hilo lilitokana na daftari la mwenye mali, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani lilikuwa heshima.

Kwa kazi ya utafiti, kumbukeni kwamba baba mwenye watumwa alizoea kumpa binti yake mtumwa wa kike anapoolewa. Mtumwa huyo akahamia kaunti nyingine, chini ya jina la ukoo la mume mpya, na mtafiti asiyejua binti wa tajiri aliolewa na nani humpoteza hapo hapo. Wanawake hao wawili, aliyetoa amri na aliyeamriwa, mara nyingi hupatikana pamoja au hupotea pamoja. Sensa za watumwa za mwaka 1850 na 1860 hazitawasaidia sana, kwa kuwa kwa kawaida zinataja mwenye watumwa, kisha umri, jinsia na rangi tu. Kwa miaka ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokomesha utumwa, nendeni moja kwa moja kwenye rejista za benki ya akiba ya watu walioachiwa huru, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1865 hadi 1874. Aliyefungua akaunti aliulizwa wazazi wake na ndugu zake, na humo mtakuta watu waliotaja mama aliyeuzwa wakiwa watoto.

Kabla sijamaliza, neno juu ya makarani. Pocahontas, binti wa chifu wa wenyeji wa Virginia, ambaye baada ya kubatizwa aliitwa Rebecca na kuolewa na John Rolfe, alizikwa Gravesend, Uingereza. Rejista ya kanisa inasema ni mke wa Thomas. Thomas alikuwa mtoto wake. Na mwaka ulioandikwa ni 1616, ambao kwa hesabu yetu ni 1617, kwa sababu hadi mwaka 1752 Waingereza waliuanza mwaka tarehe 25 Machi, naye alizikwa siku nne kabla. Mwanamke mashuhuri kuliko wote wa koloni lile, mstari mmoja, kosa moja na mtego mmoja. Basi wenu asiye mashuhuri msimtegemezee karatasi moja.

Nilimwacha mke wa James Chilton bila jina, na hadi leo hana. Mwaka 1609 huko Sandwich, Kent, kanisa lilimtenga kwa kuhudhuria maziko ya siri ya mtoto, na hata katika shauri hilo, ambalo mshtakiwa ni yeye, ameandikwa kama mke wa James Chilton. Alifariki katika baridi ile ya kwanza, kama mumewe, na Mary akabaki yatima wa miaka 13. Mary akakua, akaolewa na John Winslow, ndugu wa Edward, akazeeka, akafiwa na mume, na mwaka 1676, akiwa mjane wa Boston, akaandika wosia, jambo lililofanywa na wanawake wachache sana wa meli ile. Binti yake Sarah, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa mara ya tatu na kwa hiyo anaitwa Middlecott, anaachiwa gauni bora na bakuli la fedha la kunywea bia. Mjukuu William Paine, aliyezaliwa katika ndoa ya pili ya Sarah, anaachiwa kikombe kikubwa cha fedha chenye mfuniko. Mama Middlecott, mtoto Paine, bibi Winslow: majina matatu ya ukoo ambayo hakuna sensa ingeyaunganisha, na yameunganishwa na bibi mmoja anayejua vyombo vyake viende kwa nani.

Waliokuja na nakala za wosia waziweke kwenye meza hii ya mbele. Tutaanza na zile za wajane.